Sura ya Nne: Mwulizeni Anayekesha Naye

Malale huonekana nyumbani kwanza. Hadubini hufuata baadaye. Katika vijiji vya Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, mgonjwa hafiki zahanati akisema ana malale. Anafika akisema ana homa, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma na mwili hauna nguvu. Yote hayo ni kweli, na yote ni dalili za malaria pia. Aliyeona jambo la ziada ni mkewe, au mama yake, au wenzake wa kambi ya asali: kwamba siku hizi bwana huyu usiku halali, mchana anasinzia sahani ikiwa mbele yake, na ameanza kuwafokea watoto ambao hakuwahi kuwapandishia sauti. Mwenye habari hiyo kwa kawaida huachwa kwenye benchi la nje, ameshika kadi na mfuko wa nguo, akisubiri kuitwa alipe.

Magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu yanayozidi siku hadi siku ni mengi, na mengine tumeyaona katika sura zilizotangulia. Mengi huipa familia miaka ya kujifunza. Malale ya upande wetu wa Afrika hayatoi miaka. Kimelea chake, Trypanosoma brucei rhodesiense, huingia mwilini mbung'o anapouma, mbung'o ambaye watu wa Tabora humwita pia ndorobo. Kimelea huzaana kwanza kwenye damu na tezi, na katika wiki chache au miezi michache hupenya kuingia kwenye ubongo. Wasipotibiwa, wagonjwa wengi hawafikishi miezi sita. Ndugu yake kimelea huyu, yule wa Kongo na Afrika Magharibi aitwaye gambiense, huenda polepole, na mtu anaweza kuishi naye miaka. Huyu wa kwetu ana haraka.

Tabora na mbung'o ni wenyeji wa siku nyingi. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo mpaka Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji, ilikuwa njia ya mabega ya watu. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara, pembe za ndovu zikateremka pwani, na vyote vilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 au zaidi. Mbung'o ni sababu kubwa ya jambo hilo. Mnyama wa mizigo aliyepitishwa kwenye pori lake aliugua nagana, yaani malale ya wanyama, akafa. Wamisionari wa London walijaribu mwaka 1877 kwenda bara kwa magari ya kukokotwa na maksai kutoka Saadani. Maksai walikufa, na safari ikaendelea kwa wapagazi mpaka Ujiji mwaka 1878. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alileta ndovu wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, ili ionekane kama mnyama mkubwa kiasi hicho angelistahimili pori. Ndovu walianza kufia njiani, na aliyefika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, alikuwa mmoja tu. Ukipita leo chini ya miembe mikongwe ya Tabora, unapita mahali ambapo binadamu walifanya kazi ya punda kwa sababu punda asingeweza kuishi.

Ila wapagazi wale hawakuwa wakifa kwa malale kwa wingi, na jambo hilo linahitaji maelezo. Vijiji vilikuwa vikubwa, mashamba yalikuwa yamefyekwa, ng'ombe walichunga vichaka vikabaki vifupi, na mbung'o alikuwa na mipaka yake. Mipaka hiyo ilivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilipoteketeza ng'ombe. Ikafuata njaa, zikafuata vita vya ukoloni, kisha Vita Kuu ya Kwanza iliyowachukua wanaume kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi. Mashamba yalirudi kuwa pori, wanyama wakarudi, na mbung'o akarudi nao. John Ford, mwanasayansi aliyeishi na suala hili miaka mingi, alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1971, na Helge Kjekshus akalieleza kwa upande wa Tanganyika mwaka 1977. Katika miaka ya 1920 madaktari wa serikali ya Waingereza wakaanza kuwakuta wagonjwa wa malale katika misitu ya miyombo ya magharibi.

Dawa ya serikali ilikuwa kuwahamisha watu. Chini ya Dk. George Maclean, aliyesimamia kazi ya malale Tanganyika, kaya zilizokuwa zimetawanyika porini zilikusanywa katika makazi makubwa ili pori lifyekwe kwa pamoja. Kitabibu, hatua hiyo ilikuwa na mantiki yake: kijiji kikubwa humsukuma mbung'o mbali. Lakini watu waliacha makaburi, visima, miti ya mizinga na mashamba waliyorithi, na ardhi waliyoiacha ikazidi kuwa pori. Baadhi ya pori hilo limekuja kuwa hifadhi za wanyama. Nalitaja kwa sababu wazee wa huku wanalikumbuka, na kwa sababu linaeleza kwa nini afisa wa afya anayekuja kijijini kuulizia malale hapokelewi kila mara kwa moyo mweupe. Huko Tinde, kwenye njia ya Shinyanga, ulianza mwaka 1934 utafiti uliopitisha kimelea cha mgonjwa mmoja kutoka mnyama hadi mnyama kwa njia ya mbung'o, miaka nenda miaka rudi, na kila baada ya muda kukijaribu kwa kuwaambukiza watu ili kuona kama bado kinaweza kumshika binadamu. Kiliweza. Ndivyo ilivyothibitika kwamba swala na mifugo huweza kuhifadhi malale kwa muda mrefu bila kuyapoteza makali yake. Watu hao walitibiwa, na kumbukumbu zinawaita watu wa kujitolea. Mwafrika wa mwaka 1934 mbele ya daktari wa serikali ya kikoloni alikuwa na uhuru gani wa kukataa, kila msomaji anaweza kujijibu.

Sasa tuingie nyumbani. Nitaeleza kaya ambayo si ya mtu fulani. Nimeiunganisha kutokana na yale ambayo ugonjwa huu hufanya na namna maisha ya huku yalivyo. Baba analima tumbaku na ana mizinga porini. Msimu wa kukausha tumbaku anahitaji kuni za bani, yaani banda la kukaushia, na kuni huzidi kuwa mbali mwaka hadi mwaka. Msimu wa asali analala kambini wiki nzima au zaidi. Ndorobo anamuuma mara nyingi kiasi kwamba hakumbuki ni lini, na wengi wa ndorobo hao hawana kimelea. Mmoja anacho. Siku kadhaa baadaye panatokea jipu gumu, linauma, kisha linapoa lenyewe. Halafu homa.

Homa inakuja, inakata, inarudi. Anameza dawa mseto ya malaria, anapata nafuu ya siku mbili tatu, na kila mtu anashukuru. Inarudi tena. Duka la dawa linampa vidonge vya taifodi. Uzito unapungua. Huu ndio wakati ambao tiba ingekuwa rahisi kuliko wakati wowote, nao hupita bila mtu kujua kwamba umepita.

Kisha usiku unaharibika. Watu wengi hudhani mgonjwa wa malale ni mtu anayelala tu. Daktari Mfaransa Alain Buguet na wenzake walipima usingizi wa wagonjwa wa malale ya aina ya gambiense kwa mashine, saa 24 mfululizo, wakaona kwamba hawalali zaidi ya watu wazima wenye afya. Usingizi wao umevunjika vipande vipande na kutawanywa mchana na usiku, kwa sababu kimelea huvuruga ile saa ya ndani ya mwili inayotutenganishia giza na mwanga. Kwa wakazi wa nyumba hiyo maana yake ni hii: saa nane za usiku mlango unafunguliwa. Anatoka, anawasha moto, anauliza ni nani aliyeita. Mke anatoka nyuma yake. Akimrudisha ndani, baada ya nusu saa yuko nje tena. Kisima kiko uani, barabara haiko mbali, na moto unawaka karibu na nyumba ya nyasi. Kwa hiyo mke analala mlangoni, mkeka umevutwa mpaka kizingitini, ili asiweze kupita bila kumkanyaga. Asubuhi mume anasinzia kwenye kigoda, na mke, ambaye hajafumba macho, anashika jembe.

Ndipo mikono inapoanza kutetemeka. Kikombe cha uji kinamwagika. Ulimi unakuwa mzito. Miguu haikanyagi sawasawa, na watoto wanacheka mara ya kwanza, mara ya pili hawacheki. Wapo wagonjwa ambao pigo dogo la mguu kwenye ukingo wa kitanda huwaletea maumivu makali yanayochelewa kidogo kufika. Daktari wa Kifaransa aitwaye Kérandel aliieleza dalili hiyo kwa uzoefu wa mwili wake mwenyewe, baada ya kuugua malale. Mambo ya chumbani nayo hubadilika. Hamu ya tendo la ndoa hukatika kwa mwanamume, mwanamke mgonjwa huweza kukosa hedhi, na haya hayasemwi mbele ya wakwe wala mbele ya nesi kijana, ingawa ni dalili kama homa ilivyo dalili.

Zaidi ya yote, mtu mwenyewe anabadilika. Aliyekuwa mpole anakuwa mgomvi. Aliyekuwa mchangamfu anakaa kimya siku nzima akitazama ukuta. Mwingine anacheka msibani, mwingine anatukana wakubwa. Hapo ndipo familia inapoumia kwa namna ambayo vipimo havionyeshi, kwa sababu tabia ya mtu kwetu ni heshima yake, na heshima yake ni ya ukoo mzima. Maelezo hutafutwa, na yapo tayari. Amerogwa na jirani wa mpaka wa shamba. Ana jini. Amezidisha pombe. Mke amemwekea limbwata, ona anavyosinzia kama kondoo! Hili la mwisho ni la kikatili, maana linamwangukia yule yule anayelala kizingitini. Yuko mke anayerudishwa kwao kwa shutuma hiyo, na akiondoka, ameondoka mtu pekee aliyezihesabu siku za ugonjwa.

Siwalaumu wanaokwenda kwa mganga wa kienyeji. Mganga angalau huuliza: imeanza lini, analalaje, anaota nini, mmekosana na nani? Humkalisha mke na mama na kuwasikiliza. Kosa liko katika jibu atakalolitoa na katika wiki zinazopotea, pamoja na mbuzi na fedha za pembejeo zilizokusudiwa kurudishwa kwenye chama cha msingi. Tumbaku hulimwa kwa mkopo. Mwaka ambao baba ameugua, mbolea imekwisha chukuliwa, miche imehamishiwa shambani, na hakuna wa kuvuna wala kukaa usiku kutazama joto la bani. Mtoto mkubwa anaacha shule akae na baba mchana ili mama aende shamba. Deni linabaki hata ugonjwa ukiisha.

Zahanati, kwa upande wake, ina kipimo cha haraka cha malaria. Kimefanya kazi kubwa nchini na sitaki kukibeza. Lakini zamani fundi wa maabara aliyetafuta malaria kwa hadubini aliweza, bila kutarajia, kukiona kimelea cha malale kikijinyonganyonga kati ya chembe za damu. Kipimo cha haraka hakina jicho hilo. Kwa malale ya rhodesiense hakuna kipimo cha haraka cha aina hiyo, na namna ya kuyathibitisha ni ile ile: tone la damu, kioo, hadubini na mtu mwenye subira. Kuna mtego mwingine pia. Mtu wa Tabora anaweza kuwa na malaria na malale kwa wakati mmoja, kwa hiyo kipimo kilichosema malaria ipo hakijasema kwamba malale hayapo.

Malale yakigundulika, huweza kufuata kipimo kinachoogopwa kuliko ugonjwa, yaani kuchukua maji ya uti wa mgongo. Hicho ndicho kinachoonyesha kama kimelea kimeshaingia kwenye ubongo. Mitaani inaaminika kwamba anayechomwa mgongo hupooza au hufa. Imani hiyo imejengeka kwa sababu inayoeleweka: wanaochomwa mgongo mara nyingi ni wagonjwa walioletwa wakiwa wamezidiwa, na wengi wao hufa. Muuguzi anayekaa dakika kumi na shangazi wa mgonjwa, akaeleza sindano inaingia wapi na kwa nini, anafanya tiba kama yule mwenye sindano.

Kwa miaka mingi tiba yenyewe ilikuwa ya kutisha kweli. Damu ikiwa ndiyo peke yake iliyoambukizwa, ilitumika suramini, dawa iliyotokana na maabara za Bayer za Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, sindano za mishipani kwa wiki kadhaa. Ubongo ukiwa umeingiliwa, suramini haifiki huko. Ilitumika melasoproli, iliyobuniwa na daktari Mswisi Ernst Friedheim katika miaka ya 1940, na ndani yake mna aseniki, sumu inayojulikana. Inachoma mshipa ikipita. Na kwa baadhi ya wagonjwa iliuwasha ubongo moto: degedege, kupoteza fahamu, kifo, tena kwa mtu aliyeingia hospitali akitembea.

Mkoa wa Tabora una nafasi yake katika historia ya dawa hii, na nafasi hiyo haisemwi vya kutosha. Kati ya mwaka 2006 na 2009 Kituo cha Afya cha Kaliua, wakati huo Kaliua ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Urambo, kilikuwa kimoja cha vituo viwili vilivyopima utaratibu mfupi wa melasoproli, siku kumi mfululizo, badala ya ule wa zamani wenye mapumziko katikati. Kituo cha pili kilikuwa Hospitali ya Lwala nchini Uganda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Waliofariki walikuwa asilimia 8.4, karibu sawa na asilimia 9.3 ya utaratibu wa zamani, kwa hiyo dawa ilibaki na ukali wake. Lakini muda wa kulazwa ulishuka kutoka wastani wa siku 29 hadi 13. Kwa mtaalamu wa takwimu hizo ni siku 16. Kwa kaya ni siku 16 ambazo mama hakulala chini ya kitanda cha wodi, hakununua mkaa wa kupikia nje ya uzio, hakuwaacha watoto kwa jirani. Miezi 12 baada ya kutoka, asilimia 96 ya waliofuatiliwa walikuwa wamepona. Wagonjwa na wauguzi wa Kaliua ndio waliotupa ujuzi huo.

Habari njema zaidi ni ya juzijuzi. Feksinidazoli ni dawa ya vidonge iliyoendelezwa na shirika la DNDi pamoja na kampuni ya Sanofi. Ilianza kwa gambiense, kisha ikajaribiwa kwa wagonjwa wa rhodesiense huko Malawi na Uganda, na mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka kuwa chaguo la kwanza kwa rhodesiense, kwa wenye umri wa kuanzia miaka sita na uzito wa kuanzia kilo 20. Ni siku kumi za kumeza, bila aseniki, bila mshipa kuungua. Sharti lake linaihusu familia moja kwa moja: imezwe pamoja na mlo kamili, la sivyo haifyonzwi vya kutosha mwilini. Katika hospitali zetu mlo huletwa na ndugu. Kwa hiyo sufuria ya ugali na maharage inayoingia wodini mchana ni sehemu ya dozi, na anayeipika anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Watoto wadogo zaidi bado wanategemea dawa za zamani, na hilo linaniuma kila ninapoliandika.

Kurudi nyumbani hakufuti kila kitu. Mwili hupata nguvu kwanza. Usingizi hurejea kwa hatua, na siku familia nzima inapolala mpaka jogoo awike ni siku inayokumbukwa. Kumbukumbu na uchangamfu huchelewa, na kwa waliofikishwa wakiwa wamechelewa sana, kitu fulani huweza kubaki: mkono usiotulia, neno lisilokuja, hasira ya ghafla. Mgonjwa anarudi kwenye kijiji kilichomwona akiwa uchi wa akili. Hakumbuki aliyoyasema, wenzake wanayakumbuka. Jirani aliyetajwa kuwa mchawi bado anaishi pale pale. Mke aliyeshutumiwa bado anachota maji kwenye kisima kimoja na mawifi. Sijaona mwongozo wa tiba unaotenga hata saa moja ya mganga mkuu au mwenyekiti wa kitongoji kuja kusema mbele ya watu kwamba huyu aliumwa na mdudu, ubongo wake uliugua, na hakuna aliyemroga. Saa hiyo ingerudisha ndoa na ujirani.

Wapo watakaosema ugonjwa umekwisha. Takwimu zinawapa nguvu: mwaka 2020 wagonjwa wa rhodesiense walioripotiwa duniani kote hawakufika 100, wengi wao Malawi, na mwezi Agosti 2025 Kenya ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba malale si tena tatizo la afya ya jamii huko. Nafurahi pamoja na Wakenya. Lakini hesabu ya walioripotiwa ni hesabu ya waliotafutwa wakapatikana. Utafiti wa Martin Odiit na wenzake huko Tororo, Uganda, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kwamba kwa kila kifo kimoja cha malale kilichoripotiwa, vingine 12 vilipita bila kujulikana. Walizikwa wakiwa na jina la malaria, la kurogwa au la ukichaa. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na Tarangire walirudi kwao Ulaya na homa, wakapimwa, wakaandikwa kwenye majarida ya tiba ya dunia. Mrina asali wa Sikonge aliyeumwa na mdudu wa aina ile ile anastahili kupimwa kama wao.

Wala usimwambie asiende porini. Asali na nta za Tabora, kuni za bani, mbao za mninga, uyoga wa masika, yote yanatoka huko. Chandarua hakimsaidii, kwa sababu mbung'o huuma mchana. Kinachosaidia ni kuacha nguo za buluu na nyeusi nyumbani, maana rangi hizo humvuta, na ndiyo sababu mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo na kutiwa dawa. Wafugaji waliohamia misitu ya Tabora na mifugo yao wana nafasi kubwa: ng'ombe anayepakwa dawa ya wadudu miguuni na tumboni, mahali anapoumwa zaidi, humuua mbung'o anayetua. Unguja ilimmaliza mbung'o kabisa kufikia mwaka 1997, kwa kuachia madume yaliyotasishwa kutoka Tanga, lakini Unguja imezungukwa na maji. Miyombo ya magharibi haina ukingo wa namna hiyo, kwa hiyo Tabora itaishi na mbung'o miaka mingi ijayo, na kugundua mapema kutabaki kuwa kinga kuu ya maisha ya mtu.

Kwako wewe mhudumu wa zahanati ya Kaliua, ya Urambo, ya Sikonge, ya Uvinza au ya Kibondo: homa iliyorudi baada ya dozi kamili ya malaria, kwa mtu anayeingia porini, iandikie damu iangaliwe kwa hadubini, hata kama kipimo cha haraka kimesema malaria. Na kabla hujaandika chochote, mwite ndani aliyekuja naye. Mtenge kidogo na mgonjwa, ili aseme bila woga. Mwulize analalaje usiku, anasinziaje mchana, na amebadilika nini tangu mwezi uliopita. Nawe dada, mama, kaka unayelala kizingitini, usingoje kuulizwa. Ingia, useme yote, hata yale ya aibu, na usiondoke mpaka damu yake iwekwe kwenye kioo.